Viatu vya Kaka

Rafiki yangu mshonaji alikwenda hija ya miguu akiwa amevaa viatu vya kaka yake. Kaka ndiye aliyeweka nadhiri, kisha kiharusi kikamlaza kitandani, na dada hakuona njia nyingine ya kumtimizia.

Alfajiri moja, giza likiwa bado zito, alifika hoi kwenye kibanda cha kahawa cha mahujaji. Alivua viatu mlangoni, akaingia peku, akaketi na kukumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili.

"Mimi basi, mama," alimwambia muuza kahawa. "Likipita gari narudi nyumbani. Kaka atanielewa."

"Kunywa kwanza, mwanangu. Hapa kila anayeingia ameshakata tamaa, halafu akimaliza kikombe anadai kingine."

Alicheka kwa uchovu. Ndipo wote wawili wakasikia hatua nje kwenye kokoto, nzito, za mtu asiye na haraka. Zilikwenda zikiifuata njia ya mahujaji mpaka zikafifia. Baadaye zikarudi, zikakoma mlangoni.

"Karibu ndani," mama aliita.

Rafiki yangu alichukua taa akatoka. Hapakuwa na mtu. Viatu vilikuwa palepale, lakini vile vitambaa alivyovisokomeza mbele ili visimpwaye vilikuwa vimetolewa, vimekunjwa vizuri na kuwekwa kando. Aliinama, akaingiza mguu mmoja taratibu. Ndani kulikuwa na joto, kama la mguu uliotoka sasa hivi.