Kisu Kilichotengenezwa Mara Mbili

Saa moja kasoro asubuhi ya Jumamosi, mpwa wa fundi makochi alifika karakana ya mjomba wake na funguo mkononi, akakuta mlango hauna kufuli. Akasukuma. Mjomba alikuwa amelala kifudifudi juu ya fremu ya sofa isiyovalishwa kitambaa, goti moja limekunjwa kama mtu aliyepitiwa na usingizi katikati ya kazi. Sponji nyeupe iliyokuwa chini yake ilikuwa imekunywa damu mpaka ikashiba.

Kijana alimgeuza, akamkumbatia, akapiga yowe. Majirani walipoingia walimkuta kifua kizima kimeloa damu, na kabla polisi hawajatia mguu pale, mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu yake.

Marehemu walimwita Bwana Sponji, kwa kazi yake na kwa tumbo lake, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho. Jeraha lilikuwa moja tu, kwenye kinena upande wa kulia, palipo na mshipa mkubwa wa damu. Daktari alisema alikufa Ijumaa jioni, na hakuchukua muda. Kisu kilipatikana nyuma ya karakana, kwenye mfereji mkavu: kisu cha kukunja, mpini mweusi, kimefungwa na kufutwa vizuri. Kilikuwa chake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya mazishi, Sajenti wa upelelezi alikaa mbele ya yule kijana. Mwanamke huyu alikulia mtaa wa pili kutoka karakana ile. Bwana Sponji alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa kaka yake, na ndiye aliyemtengenezea kiti chake cha kwanza cha kusomea.

"Ijumaa mchana mligombana nini?"

"Nilimwambia nataka kufungua karakana yangu. Akasema, 'Wewe hata mto wa kiti unakushinda, unafungua karakana ya nini, ya kulala?' Na mimi nikamjibu."

"Ulimwambia, 'Utaona.' Mtaa mzima umesikia."

"Afande, kwetu kila mtu husema utaona. Bibi yangu humwambia paka utaona."

"Na damu kifuani?"

Kijana alimtazama kama aliyetukanwa. "Wewe ungemkuta mjomba wako vile ungesimama mbali?"

Alikuwepo mtu mwingine wa kutiliwa shaka, mteja aliyekuja mara tatu kudai sofa yake kwa matusi. Lakini Ijumaa jioni alikuwa hospitali, mkewe akijifungua, na wauguzi walimkumbuka vizuri kwa sababu aliwatukana na wao.

Kwa hiyo alibaki kijana. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sajenti, gari la mahabusu linaondoka saa kumi. Huyu anaondoka nalo. Au una jingine?"

"Nipe mpaka saa kumi, mkuu."

Alikwenda chumba cha vielelezo, akaitandika mezani suruali ya marehemu. Ilikuwa imekauka kama kadibodi. Akavaa glavu, akatia vidole mfuko wa kulia, vidole vikatokea upande wa pili, kwenye paja. Kitambaa cha mfuko kilikuwa kimechanika. Akageuza suruali kutafuta tundu la nje. Akatafuta tena mbele ya dirisha, kwenye mwanga. Hapakuwa na tundu. Kitambaa cha nje kilikuwa kizima.

Kisu kilimchoma kikiwa ndani ya mfuko wake.

Akachukua picha alizopigiwa asubuhi hiyo na fundi wa silaha wa kituo, aliyekifungua kile kisu skrubu moja baada ya nyingine. Picha ya kwanza ilionyesha damu iliyoganda chini ya springi. Ya pili, mafuta mapya yaking'aa juu ya damu hiyo. Ya tatu, skrubu kubwa inayoshika bapa la kisu: katika mikunjo yake mlikuwa na damu, na juu ya damu, gundi ya bluu.

Aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwa mtu aliyejua visu kuliko wote aliowajua.

Duka la kaka yake lilikuwa chumba kimoja chembamba: jiwe la kunolea, meza, taa, na ukutani visu vya wapishi, vya wachinjaji na vya mafundi viking'aa kimoja kando ya kingine. Jana yake alibeba jeneza kwa mbele. Leo macho yake yalikuwa mekundu, na chai aliyojimiminia ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Kaka, nifundishe kama mtoto. Kisu kama cha Bwana Sponji kinafungukaje?"

Alisita, kisha akachukua kingine cha aina ileile ukutani. Mikono ilipokishika ikatulia.

"Hiki si kile cha kubonyeza kitufe. Unakianza wewe, kinamaliza chenyewe. Ona hiki kichomozo? Unakisukuma kwa dole gumba. Mwanzoni springi inakukatalia, ndiyo inayolishikilia bapa lisitoke ovyo. Ukivuka hapa," na bapa likaruka nje, tak, "springi ileile inabadilika, inalirusha. Loki inaingia nyuma yake, halirudi mpaka uiachie. Mtu mwenye kitambaa mkono mmoja anakata kwa mkono mwingine. Ndiyo raha yake."

"Na kinaweza kufunguka mfukoni?"

"Kikitunzwa, hapana."

"Kinatunzwaje?"

"Unapuliza uchafu. Vumbi la sponji ni baya, linaingia kila upenyo. Unafuta, unakausha. Unatia tone moja la mafuta ya cherehani pale bapa linapozungukia. Moja! Ukitia mengi yanakamata vumbi. Wengine wananiletea wametia mafuta ya kupikia, kisu kinanata kama kimelambwa na mtoto." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Halafu skrubu. Ukiikaza mno, springi haina nguvu ya kulirusha bapa. Ikilegea, bapa linacheza, springi inahama mahali pake, kikigongwa kidogo tu..." Akakikunja kile kisu. "Unaikaza mpaka bapa likae katikati. Unajaribu mara kadhaa. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Tangu akiwa msichana wa shule Sajenti alikuwa akikaa kwenye kona ya meza ile, na hakuna siku kaka alimaliza somo lake bila hatua ya mwisho. Kichupa cha hatua hiyo kilikuwa hapo, karibu na taa, mdomo wake umechafuka bluu.

"Umesahau gundi, kaka. Ile ya kuzuia skrubu isilegee."

Kaka alikaa chini.

Sajenti alipanga picha tatu mezani. "Damu iko chini, mafuta yako juu. Damu iko chini, gundi iko juu. Aliyekishughulikia kisu hiki alifanya hivyo wakati Bwana Sponji ameshakufa. Nimejiuliza, muuaji gani anakaa chini kumkazia marehemu skrubu?"

Nje mtu alikuwa akipiga honi. Ilipokoma, kaka akasema, "Alikileta Ijumaa saa nane na kitu. Nikakifungua, nikasafisha, nikatia mafuta. Gundi nilikuwa nimeshaishika. Simu ikalia. Nikaongea, nikapandwa na hasira, nikarudi mezani najua nimemaliza. Akaja kukichukua, akaniambia, 'Uso huo, umelipishwa kodi?' Akaondoka anacheka."

"Simu ya nani?"

Kaka alitazama mikono yake.

Sajenti akakumbuka. Ijumaa, saa tisa. Walibishana nani atampeleka mama hospitali. Alimwambia maneno makali, akamkatia simu.

"Ilikuwa yangu," alisema.

"Simu haikazi skrubu, dada. Fundi ni mimi."

Alisimulia mengine akitazama meza. Jioni alikumbuka ile gundi, akachukua kichupa, akakimbia karakana. Akamkuta amepiga goti juu ya fremu, uzito wote umeegemea mfuko. Akamshika shingo, hakuna kitu. Akatoa kisu, akakileta hapa, akakifuta, akakitia mafuta, akatia gundi, akakaza skrubu, mikono ikifanya kazi kama siku zote. Alitaka kukirudisha mfukoni mwa rafiki yake kikiwa kizima. Alipofika mlangoni akashindwa kuingia. Akakitupa mferejini.

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Mtaa mzima unaniletea visu. Wanavitia mfukoni kwa sababu nimevishika mimi. Ningesimama vipi mbele ya mkewe niseme ni mimi?"

"Na yule kijana?"

"Jumamosi nilitaka kuja kituoni. Nikasema, tuzike kwanza. Jana tukazika. Nikasema, kesho." Akainua macho. "Mama ana mtoto wa kiume mmoja tu, dada. Picha hizi umezisoma wewe peke yako."

Alikuwa kweli peke yake. Angeweza kuzirudisha kwenye bahasha, aende kumwambia mkuu hana jingine, na saa kumi gari lingeondoka. Alihisi bahasha mkononi, nyepesi kabisa, na alijichukia kwa jinsi alivyochelewa kujibu.

"Na mama yake yule kijana ana wangapi?" akasema. "Vaa shati, kaka. Twende."

Maelezo aliyachukua mkuu mwenyewe, kwa kuwa Sajenti ni ndugu. Yeye alisimama ukumbini. Saa kumi kasoro dakika chache kijana alitolewa, akaelezwa yaliyotokea, akarudishiwa mkanda na viatu, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi, kaka ameketi mbele ya mkuu.

"Mjomba?" Alimwita hivyo tangu utotoni. "Wewe?"

Kaka akaitika kwa kichwa.

"Lakini jana hawakuniruhusu kuzika. Asubuhi hii mke wa mjomba ameniletea chai hapa, akaniambia ulilia mpaka ukashikwa. Ulikuwa unalia kweli?"

"Kweli."

Kijana akabaki amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Uso wake ulitafuta hasira, ukaikosa.

"Ungetuambia Ijumaa ileile," alisema. "Tungelia wote. Wallahi tungekushika. Sasa mke wa mjomba niende nikamwambie nini? Amesema watu wote wamemkimbia, umebaki wewe tu."

Mkuu wa kituo aliweka kalamu chini. Sajenti alimwinamia kijana, akamsaidia kuvaa kile kiatu cha pili, kisha akamwambia, "Tangulia nje. Nitakwenda mimi nikamwambie."