Mgeni wa Kiti cha Dirishani

Kitambaa cha kiti cha dirishani kilikuwa kimebonyea tena. Wacuka alikuwa amekinyoosha kabla ya kupanda juu kuanika nguo, akakivuta pembe zote mpaka maua yake ya uzi yakalala sawasawa. Sasa amesimama mlangoni na beseni tupu, anakitazama kimekunjamana katikati, kama kwamba mtu mzito alikuwa amekikalia, tena akatulia.

"Eve!"

Binti yake akachungulia kutoka chumbani, simu ya babake mkononi.

"Nimekukataza mara ngapi kukalia hivi viti?"

"Aki mum, si mimi. Mimi niko huku tangu uende juu."

"Basi ni nani? Paka? Tuko na paka hapa?"

"Sijui, lakini si mimi. Kwani kila kitu ni mimi?"

Wacuka akakinyoosha upya, mdomo umemfura. Asiyeishi Nairobi anaweza kumcheka, lakini hapa mwanamke hupimwa kwa vitambaa vya viti vyake kabla hajafungua kinywa. Na aliyekuwa anakuja kumpima hakuwa mtu wa kuchezewa.

Jecinta, mama mkwe wake, alikuwa amekanyaga nyumba ya mwanawe mara moja tu, miezi michache baada ya harusi. Siku hizo walikuwa wakikalia godoro na mitungi ya maji. Jecinta alitazama huku na huku, mkoba kwapani, akakataa chai. "Nitarudi siku mtakuwa na mahali pa kukalisha mtu," akasema, akarudi zake Kangema. Eve akazaliwa, akakua, akamfikia mamake begani, bibi asirudi. Kila Krismasi ni wao waliomfuata mashambani, na kila Krismasi Wacuka alihesabiwa kama mke asiye na nyumba. Mwaka huu Jecinta akapiga simu mwenyewe: anakuja kula Krismasi kwao, mtaa wa Fedha. Wacuka alifurahi mpaka alipogeuka akaitazama sebule yake.

Hela hazikuwepo. Saluni alimokuwa akisukia watu nywele ilikuwa imefungwa, na mumewe Mbugua, fundi wa mabomba, alilipwa siku waliomwita walipojisikia. Kwa hivyo Krismasi hiyo ilipambwa kwa vitu vilivyokwisha kupamba nyumba za watu wengine. Viti walivinunua kwa jirani aliyekuwa akihama, foronya zake zimechanika mpaka sponji inachungulia. Pazia ni za mtumba, moja ndefu kuliko mwenzake. Taa za rangi nusu ziliwaka na nusu zikagoma, na ukizigonga zilizogoma, zilizowaka nazo zinazima. Tawi la mtarakwa lilimwaga majani kila mtu akipita. Baluni zilipasuka zenyewe. Wacuka alishinda siku nzima juu ya stuli akigombana na gundi, akishuka anakuta alichobandika asubuhi kimeshaanguka. Kitu pekee kilichomkubalia mara ya kwanza ni vile vitambaa.

Alivipata kwa Wayua, mama anayetandaza vyombo na nguo za watu juu ya gunia nyuma ya soko la Burma, pale moshi wa nyama choma unapokuliza machozi bila msiba. Bidhaa zake zote Wayua huzisifu kwa makelele. Hivi vitambaa alivitoa chini kabisa ya gunia, kimya. Vilikuwa vyeupe, vimefumwa kwa mkono, seti nzima.

"Vilikuwa vya nani?" Wacuka akauliza.

"Vya mama fulani wa Makadara. Alikuwa anaishi peke yake. Kila siku anatandika, anapika chai, eti wageni wako njiani. Alipokufa watu wake wakauza kila kitu." Wayua akavifunga kwenye gazeti. "Lakini skiza, customer. Viloweke na chumvi kwanza, vilale. Usitandike hivi hivi."

"Si najua."

Na kweli alijua. Wacuka hangoji kuambiwa aloweke mtumba. Hata soksi kwake hulala kwenye maji ya chumvi kabla hazijagusa mguu wa mtu. Ila wiki hiyo mifereji ilikauka Fedha nzima, maji yakawa ya kununua kwa mkokoteni, na yale machache yalikuwa ya chai na ugali. Akavikung'uta kwenye roshani, akavipiga pasi, akavitandika. Kisha akasimama mbele ya kiti cha dirishani, kile kizuri alichomchagulia mama mkwe, akafanya mazoezi ya kukaribisha kwa sauti tamu ambayo Eve hajawahi kuisikia.

"Karibu, mama. Keti. Hapa ni kwako. Huondoki bila kunywa chai."

Springi za kiti zikalia kidogo. Akadhani ni uzee wa kiti.

Tangu hapo, hata maji yaliporudi, hakupata raha. Vitambaa vingine vilitulia, hicho kimoja kila akigeuka kimebonyea. Halafu ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua. Wacuka alisugua sufuria zote, akapangusa jiko, akafungua madirisha, akamkemea Eve kwa kosa ambalo hakulijua. Harufu ikabaki pale pale, nzito, na ilizidi ukikaribia dirisha.

Jioni moja Mbugua alijitupa kwenye kile kiti, na papo hapo akainuka.

"Nani ametoka hapa?"

"Hapo ni pa mathe wako, nimesema hapakaliwi."

"Wacuka, kiti kina joto. Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna mtu! Na tazama ulivyokifanya kitambaa!"

"Kitambaa, kitambaa." Mbugua akachukua koti lake. "Utatufukuza hii nyumba kabla hata mathe afike."

Akatoka, akarudi watu wamelala. Siku zilizofuata Eve naye alishinda kwa rafiki yake ghorofa ya chini. Wacuka akabaki na taa zake zinazogoma na kiti chake kinachobonyea, amechoka, ana uchungu na kila mtu, analia huku anakata karatasi za kumeta.

Magharibi ya siku mbili kabla ya Krismasi, stima zikapotea. Wacuka alikuwa peke yake sebuleni, juu ya stuli, ameshika ncha ya waya wa taa. Akalaani kwa sauti. Alipomaliza kulaani, akasikia kijiko kikikoroga.

Kilikoroga polepole ndani ya kikombe, ting, ting, kama mtu anayesubiri chai aliyoahidiwa na hataki kuonekana ana haraka. Wacuka akajiambia ni kwa jirani, lakini sauti haikutoka ukutani, ilitoka dirishani, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda mpaka ikamkaba kooni, na katika ule mwanga mdogo uliobaki nje akakiona kitambaa kikididimia taratibu, ua kwa ua, springi zikilia moja baada ya nyingine chini ya uzito uliokuwa ukijiweka vizuri, ukiegemea, ukinyoosha miguu, mpaka zulia mbele ya kiti nalo likalala mahali pawili palipotoshana na nyayo, naye Wacuka juu ya stuli hawezi kushuka wala kupiga ukemi, ndipo sauti ya mwanamke, ya upole, yenye subira iliyoanza kuisha, ikauliza:

"Chai bado?"

Hakujua alishukaje. Mbugua alimkuta amekaa ngazini, gizani, ameukumbatia mlingoti wa ngazi. Alipomweleza, Mbugua hakucheka. Alikumbuka lile joto.

Asubuhi Wacuka akavikusanya vitambaa vyote, akavitia kwenye mfuko, akavitupa kwenye pipa la takataka nje ya geti. Aliporudi, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, sponji nje, na bado kimebonyea. Akakipiga teke. Akajikalisha sakafuni akalia kwa hasira, maana hata kutupa hakukusaidia.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa Mama Ayanle, jirani wa mlango wa pili, anayeuza madera Eastleigh na ambaye kwa kawaida hana muda wa mtu.

"Mama Eve, kila siku maziwa inaungua! Mnapikia nini humo? Nguo zangu zote zinanuka, wateja..."

Macho yake yalikuwa yametua dirishani. Akavuta mtandio wake vizuri, akatoa salamu kwa heshima kuelekea kiti kitupu, kisha akamvuta Wacuka mpaka koridoni.

"Nani amemkaribisha huyo?" akanong'ona.

"Hakuna aliyemkaribisha! Ni vitambaa. Sikuvifua, na vyenyewe nimeshavitupa."

"Vitambaa ni gari tu. Jini haketi bila kuambiwa keti. Ulisema nini?"

Wacuka akamweleza, aibu imemjaa. Mama Ayanle akafumba macho.

"Wallahi. Karibu, keti, hapa ni kwako. Umebakisha kumpa funguo tu."

"Nisaidie, mama. Mama mkwe anafika leo. Nimengoja miaka yote hii. Nifanye nini, nimfukuze?"

"Umfukuze mgeni hajanywa chai? Umejaribu teke, ametoka? Mimi si mganga, mimi nauza madera, lakini kwetu hawa tunawajua. Mgeni anatolewa kama mgeni. Mpikie chai nzuri. Akishamaliza, msindikize mpaka barabarani, kwa roho safi. Usimtukane hata moyoni. Na ukifika pale mdomo wako uufunge. Mtu yeyote wa familia yenu akimwambia karibu mara ya pili, huyo si mgeni tena. Huyo ni mwenye nyumba."

Kwa roho safi! Hilo ndilo lililomshinda zaidi ya hofu. Alasiri, Mbugua na Eve walipokwenda mjini kumpokea bibi, Wacuka alisimama jikoni akitazama maziwa yakipanda, anajilazimisha kuacha kinyongo. Mama Ayanle alifukiza ubani koridoni na kukataa kuvuka kizingiti. Wacuka akamimina chai kwenye kikombe kizuri, kile cha mama mkwe, akakiweka mbele ya kiti.

"Chai ni hii, mama. Pole kwa kungoja."

Akainamisha kichwa. Halafu akasikia mtu akifyonza chai ya moto, taratibu, kwa utamu, mara ya kwanza, ya pili, na chai ikishuka ndani ya kikombe bila mkono wowote kukigusa, na kwa namna asiyoielewa ile sauti ikamhuzunisha, akamfikiria yule mama wa Makadara akitandika kila siku kwa ajili ya watu wasiokuja. Kinyongo kikamtoka chenyewe. Springi zikalia. Kiti kikafura upya, kama mtu ameinuka.

"Twende nikusindikize," Wacuka akasema.

Wakashuka ngazi. Hakugeuka. Nyuma yake malapa yaliburuzika, shwa, shwa, ngazi baada ya ngazi, yakapita getini, yakapita kinyozi, watoto wenye fataki wakinyamaza bila kujua kwa nini. Barabarani Wacuka akasimama. Maneno yalimjia yenyewe mpaka ncha ya ulimi, maneno ambayo kila mtu wa hapa humwambia mgeni akiondoka, na akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu. Malapa yakampita. Harufu ikaondoka na upepo.

Alirudi anakimbia, anacheka na kulia. Sebule ilinuka mtarakwa tu. Kiti kilikuwa kimeinuka. Akatandika leso zake mwenyewe, zilizofuliwa, juu ya viti vyote, akagonga taa za rangi mara moja, na zote zikawaka, kila moja. Akaketi sakafuni akazitazama kwa furaha ambayo hakuwa nayo mwezi mzima.

Mlango ukafunguliwa. Jecinta akaingia, mkoba kwapani, kilemba kipya. Akatazama pazia, akatazama taa, akatazama leso zilivyonyooka. Wacuka hakupumua.

"Mama Eve," mkwe akasema polepole. "Sasa hii ni nyumba."

"Asante, mami." Machozi yakamtoka. "Mbugua yuko wapi?"

"Wako ngazini na mizigo. Mimi nimetangulia tukiongea na huyu rafiki yako."

"Rafiki gani?"

"Si huyu mama amekunywa chai kwako? Nimemkuta hapo barabarani amesimama peke yake, hana pa kwenda, sikukuu kama hii! Amenisifia chai yako sana. Nikamwambia, haiwezekani, nyumba ya mwanangu haiachi mtu barabarani Krismasi." Jecinta akageukia mlango uliokuwa wazi, akatabasamu, akasogea kando kumpisha mtu. "Ingia tu, usiogope. Hata viatu usivue."

Mbugua akatokea nyuma na gunia la viazi begani, Eve ameshika kuku. Akatazama koridoni, akamtazama mamake.

"Mathe, unaongea na nani?"

Malapa yakaburuzika juu ya sakafu, yakampita Wacuka karibu kabisa, na maziwa yaliyoungua yakamjaa puani. Taa za rangi zikagoma, nusu, kisha nusu nyingine. Jecinta akakung'uta leso ya kiti cha dirishani kwa mkono wake mwenyewe, kwa ukarimu wote wa Kangema.

"Karibu tena, mama. Keti," akasema. "Hapa ni kwako."