Taa Nyekundu Chini ya Kiti

Ndugu zangu mnaoishi ukuta kwa ukuta, nawasimulia habari za nyumba moja ili ya kwenu isiifuate.

Ilikuwa nyumba tulivu. Fundi cherehani aliishi na mkewe na mama yake mzazi, mwenye pumu. Gari lao kuukuu la otomatiki lilinunuliwa kwa ajili ya mama: kifua kikimbana, awahishwe hospitali. Jumamosi moja mama alikuwa barazani akikunja nguo, mkwewe akianika nyingine.

Ndipo fundi akaleta amplifaya na spika ya besi kubwa kama pipa. Muuzaji alimwonya: redio iliyokuja na gari haina waya wa kuiwasha na kuizima amplifaya, kwa hiyo aende kwa fundi umeme.

"Nashona suti, nishindwe na nyaya mbili?"

Akaiweka amplifaya chini ya kiti, akaiunga kwenye waya ambao umeme wake haukatiki hata ufunguo ukitolewa. Muziki ukalia. Akaona kazi imekwisha.

Mtaa ukambatiza Bwana Besi. Jirani yake mchomea vyuma, mwenye pikapu, akaja kumsihi.

"Jirani, vikombe vyangu vinacheza kabatini. Punguza basi."

"Viache vicheze, navyo vina roho! Wewe ziba masikio."

Haukupita muda gari likagoma kuwaka. Bwana Besi akaichaji betri, akailaumu kuwa imezeeka. Mkewe ndiye aliyeona.

"Mume wangu, gari umelizima, lakini chini ya kiti kuna taa nyekundu inawaka."

"Kataa kadogo kama jicho la panya! Kanakula umeme gani?"

"Panya huyohuyo ndiye anayemaliza gunia."

Akacheka, akafunga mlango wa gari. Msomaji, amplifaya isiyozimika huinyonya betri polepole, hata bila muziki.

Jumapili moja alfajiri kifua kilimbana mama. Pampu yake ya dawa haikumsaidia. Wakamketisha garini, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Mwanawe akazungusha ufunguo. Tak. Akarudia. Tak.

"Nisukumieni, jamani!"

Wapita njia wawili wakasukuma hadi mwisho wa uchochoro. Bure. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

"Mwanangu... hewa," mama akanong'ona.

Fundi akakimbilia geti la mchomea vyuma. Akaligonga kwa ngumi, kisha kwa jiwe.

"Jirani! Mama anakufa! Nisaidie gari!"

Pikapu ilionekana kwenye upenyo wa geti. Mke akapiga simu. Ikasikika ikiita ndani, haikupokewa.

Geti lilipofunguliwa, jua lilikuwa limeshatoka. Mchomea vyuma alisimama na vipande vya pamba mkononi.

"Nisamehe, jirani. Siku hizi nalala nimeziba masikio, kama ulivyoniambia."

Pikapu ikawafikisha hospitali. Mama aliingia akiwa hai. Hakutoka.

FUNZO

Usijifunzie kazi usiyoijua kwenye kitu ambacho uhai wa mwenzio unakitegemea. Ukiunga amplifaya kwenye redio iliyokuja na gari, toa ufunguo, kisha inama utazame. Taa ikiwa bado inawaka, kazi haijaisha. Na mkeo akikuonyesha taa hiyo, usicheke, inama vilevile.

Ukiombwa upunguze kelele, punguza. Jirani unayemzibisha masikio leo ndiye utakayemwita kesho, na asiposikia, hutakuwa na wa kumlaumu.