Jani Lisilotoa Maziwa

Kule Kishapu alikozaliwa Suzana, mtoto hufundishwa mapema kuuogopa mnyaa wa uani. Ukiuvunja hutoa maziwa meupe, na yakiingia jichoni ni balaa. Basi alipohamia Geita na kununua ua la chungu kando ya barabara, lenye majani mapana ya madoadoa, alivunja jani moja kwanza. Halikutoa maziwa. Akaridhika, akaliweka sebuleni, chini kabisa, karibu na mkeka wa binti yake Klara. Kipimo chenyewe ndicho hicho, jamani!

Asubuhi moja paka wao alikuwa akidondokwa mate. Suzana akadhani amekula mjusi. Kumbe! Alipogeuka, Klara, mtoto wa miaka miwili, ameshika kipande cha jani, midomo imevimba. Alikuwa akilia, lakini sauti haitoki.

Suzana alimbeba mbio hadi kwa jirani yake Apolonia, nesi wa zahanati. Alitaka kumtia mtoto kidole kooni. Apolonia akamshika mkono.

"Usimtapishe, Mama Klara. Kitamchoma tena kikirudi."

Akamtoa vipande mdomoni kwa kitambaa chenye maji, akamnawisha mikono. Alipoona anameza, akampa maji baridi kidogo kidogo. Kisha wakapanda bodaboda hadi hospitali, na lile jani ndani ya mfuko ili daktari alione.

Daktari alipowaambia mtoto anapumua vizuri, Apolonia akaeleza.

"Ndani ya jani hili mna sindano ndogo mno, maelfu kwa maelfu. Macho hayazioni. Ukitafuna, zinafyatuka."

Suzana aliutazama ule mfuko. Miezi mitatu amekuwa akilifuta vumbi ua lile na kulisifu, kumbe sindano zote hizo zimo, zimetulia tu. Ajabu ya Mungu!

Alisema ataliweka juu ya kabati. Apolonia akakataa: majani huanguka, na paka hupanda. Tena kila mmea uuliziwe jina na madhara yake kabla haujaingia nyumbani. Jioni ile Suzana alivaa glavu, akaling'oa, akalifukia mahali mbuzi hawafiki.

Kesho yake sauti ya Klara ilirudi, na paka akala. Sasa sebuleni kuna mrehani. Juzi Klara alichuma jani, akalitia mdomoni. Suzana aliruka, kisha akakumbuka kwamba hili halina neno. Mtoto akatafuna, akakunja uso, akamnyooshea mama yake kipande kilichobaki.

"Mama, kula."

Suzana akakipokea, akala.