Mama Mzembe wa Kwenye Pazia

Kamba ya furushi la Mutayoba ilikatika palepale penye msongamano, sokoni Mwanza, mbele ya duka la Kanubhai. Mashati, soksi, daftari, vyote chini! Wauza samaki wa furu wakacheka. Msichana mmoja aliyekuwa akishona vifungo barazani, kanga ya manjano imemfunika mpaka kwenye nyusi, akashuka kumsaidia.

"Kola imenyooka, soksi matundu," akamtania. "Wewe karani tu."

"Karani wa sinema, dada. Nimetoka Bukoba juzi. Watu wakitazama picha, mimi nawatazama wao. Nani kacheka, nani kapiga miayo, nani kaondoka. Picha inayowashika inaendelea na safari, isiyowashika inarudi sandukuni."

Vidole vya msichana vikasimama juu ya soksi. "Na picha yenyewe unaionaje?"

"Siioni. Naligeuzia pazia mgongo tangu mwanzo hadi mwisho."

Hapo Suzana, ndilo jina lake, akacheka kwa raha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mutayoba, kwa kujipenda kwake, akadhani amechekewa yeye.

Mwaka huo wa 1936 vifungo vya Mutayoba vilikatika kila siku.

"Hiki umekikata na wembe," Suzana alimwambia.

"Nani, mimi?"

"Mwongo wee! Lete hapa, mpenzi."

Mutayoba alimpenda kweli. Hakumuuliza hata siku moja kwa nini haondoi kanga usoni, wala kwa nini wanawake humpisha bombani wakisonya.

Mwezi wa pili tangu wajuane, wakiwa wamekaa juu ya mawe ya ziwani, alimletea habari kwa mbwembwe.

"Ile picha ya mama mzembe, mtoto wake anakufa kwa uchafu, imewashika watu sijapata kuona! Wanamtukana, wanamtemea mate, haondoki hata mmoja. Nimeandika ipelekwe Ukerewe. Jumamosi tuko Nansio, kwenu!"

"Kwa mama yangu?" Suzana akainuka, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake barazani hakuwepo. "Yeye hakuja," Kanubhai akamkemea. "Wewe nafanya nini yeye?"

Jioni hiyo, picha ile ikionyeshwa tena, Mutayoba aligeuka. Kwenye pazia, mkubwa kama nyumba, alikuwa Suzana wake, akimnywesha mtoto maji machafu. Nyuma yake umati ulipiga kelele: "Muuaji! Shetani wewe!" Matusi yaleyale aliyokuwa akiyaandika kwa furaha, mstari kwa mstari. Aliona aibu. Alikwenda kwa bwana wake wa kazi kuomba picha iondolewe safarini. Bwana akamcheka: ripoti ile ndiyo bora kuliko zote.

Jumamosi, Nansio, alimkuta Suzana amekaa mkekani ubavuni mwa mama yake.

"Waliniambia wataitazama Wazungu tu," akasema bila kumwangalia. "Wakanipa gauni na shilingi tano."

"Nisamehe. Sikujua."

"Ungegeuka, Mutayoba. Hata mara moja."

Na mimi msimulizi sina la kumtetea.

Picha ikaanza. Matusi yakaanza. Mama yake Suzana hakutukana. Alitazama mpaka mtoto alipofunikwa shuka, kisha akaanza kulia taratibu, akamshika binti yake mkono.

"Suzana, mjukuu wangu mmemzika wapi? Mbona hukuniita?"

Lo! Mutayoba aliruka watu, akamnyang'anya kipaza sauti mfasiri aliyekuwa akieleza picha.

"Ndugu zangu, nyamazeni! Mnayemtukana ni Suzana, binti wa mama huyu hapa. Hajazaa, hajaua mtu. Aliambiwa aigize, akaigiza. Mwenye makosa ni mimi. Ni mimi niliyesema mletewe, na sikuwa hata nimemtazama. Nitukaneni mimi!"

Wengine wakacheka kwa haya, wengine wakaanza kukunja mikeka. Bwana wake akamwambia hapohapo kwamba kazi imekwisha.

Akarudi, akapiga magoti mbele ya yule mama. "Shikamoo, mama. Hakuna mtoto. Ni mchezo tu."

"Hakuna?"

"Hakuna, mama."

Mama akafuta uso kwa kanga, machozi yakazidi. "Lakini mimi nimeshamlilia, mwanangu. Sasa nifanyeje?"

Mutayoba akainamisha kichwa. Suzana akajisogeza kumwachia nafasi mkekani.

"Kaa hapa," akamwambia. "Posa utaleta mama akimaliza msiba."