Vidonge vya Mgongo wa Baba

Kila jioni kengele ya kanisa la Kibimba ilipolia, Priscila alimpelekea baba yake, Anastazi, maji ya kumezea dawa. Anastazi alimeza kidonge kimoja, naye Priscila akatia alama kwenye kalenda ya ukutani. Nyumba ikiwa kimya, ungesikia kifua cha baba kikigonga ti-ti-ti, kama saa.

Miaka saba nyuma, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni ulikuwa umetanuka pale unapoanzia, ukakaribia kupasuka. Parokia ilimsaidia kwenda India. Huko madaktari waliikata sehemu ile mbovu, wakashonea bomba la kitambaa maalumu lenye vali ya kutengenezwa, mlango mdogo unaogonga kila unapofunga. Anastazi alirudi, akapona, akalima. Lakini damu hupenda kuganda kwenye vali ya namna hiyo, kwa hiyo kidonge cha kuizuia isigande kilikuwa cha maisha. Tena alikatazwa kumeza dawa nyingine yoyote kabla ya kuuliza zahanati.

Mwaka 2001 kambi za wakimbizi wilayani Ngara zilikuwa bado zimejaa. Wakimbizi walichoshwa na mahindi ya mgao, hivyo wenyeji waliwapelekea ndizi, wakarudi na mafuta, sabuni, hata vidonge.

Jumatatu moja Anastazi aliamka hawezi kuinama. Jana yake alikuwa amebeba mikungu mizito.

"Nenda zahanati," Genoveva alimwambia binti yake, Priscila. "Mwambie muuguzi baba anaumwa mgongo, na umkumbushe habari za moyo. Ukitoka huko, hizo ndizi zibadilishe kwa mafuta."

Foleni ya zahanati ilizunguka jengo zima. Priscila alisimama mpaka shingo ikamuuma kwa mzigo wa ndizi. Ndipo akapita Iradukunda, rafiki yake wa darasani.

"Wewe, utaota mizizi hapo!" Iradukunda alicheka. "Vidonge vya maumivu si vipo kwa Mama Nkeshimana, sokoni kambini? Chane moja tu, unapewa."

Priscila akatoka kwenye foleni.

Mama Nkeshimana alipokea chane, lakini hakutoa vidonge upesi. "Ni vya nani, mwanangu?"

"Vya baba. Mgongo."

"Anakunywa dawa nyingine?"

Priscila aliona wazi kwamba akisema ndiyo, atarudishwa zahanati. "Hapana, mama," akajibu.

Nyumbani mama aliuliza, "Muuguzi kasemaje?"

"Ameze viwili asubuhi na viwili jioni."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Alhamisi asubuhi pua ya Anastazi ilianza kutoka damu. Walimwinamisha, wakambana pua, damu haikukoma. Fizi nazo zilivuja, na mikono ilikuwa na mabaka meusi. Gari la parokia likamkimbiza hospitali.

Daktari alimpima, akakunja uso. "Kipimo cha kuganda kwa damu kimepanda kidogo tu, hakielezi damu yote hii. Labda mwili hauivumilii tena dawa ya moyo. Itabidi tuisimamishe kwa wiki kadhaa."

"Si mlisema akiiacha vali itaziba?" Genoveva aliuliza.

"Ndiyo hatari yenyewe, mama. Lakini mnijibu kweli: hajameza kitu kingine?"

"Vya mgongo tu, na hivyo vilitoka zahanati."

Priscila alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Akisema, watamjua ni mwongo. Akinyamaza, watamnyima baba dawa inayomweka hai.

"Havikutoka zahanati," alisema huku machozi yakimtoka. "Nilibadilisha kwa ndizi kambini. Mama Nkeshimana aliniuliza kama baba ana dawa nyingine, nikamdanganya. Yeye hana kosa."

Alifungua fundo la kanga, akatoa vidonge viwili vilivyobaki. Daktari alivitazama.

"Aspirini! Hii nayo huzuia damu isigande; na dawa yake ya moyo haziendi pamoja kabisa. Basi aspirini ndiyo itakoma. Ya moyo tutairuka leo, kisha ataendelea chini ya uangalizi wetu." Akamgeukia Priscila. "Umesema kwa wakati. Mkifuata masharti, mshipa ule aliowekewa unaweza kumfikisha baba yako uzeeni."

Jioni damu ilikoma. Anastazi alilala wodini siku nne, na siku ya kutoka alimtania bintiye: "Sasa mgongo umepona kwa kulazwa tu!"

Priscila hakucheka. "Nisamehe, baba."

"Nilishakusamehe, mwanangu."

Genoveva alifunga mzigo wa nguo, kisha akakaa kitandani karibu na binti yake.

"Foleni ingekula nusu siku yako," alisema. "Uongo umekula siku nne za baba yako, na nusura ule zote. Mtu anayetibu huanza na kile anachoambiwa. Ukimpa uongo, atatibu uongo, na mgonjwa ataendelea kufa. Sikupigi. Lakini kuanzia leo, mwezi hadi mwezi, wewe ndiye utakayempeleka baba kupimwa damu, na daktari akiuliza, utajibu wewe."

"Nitajibu ukweli, mama."

"Hata ukiwa unaona aibu?"

"Hapo ndipo nitakapoharakisha kuusema," alisema Priscila, akamshika baba mkono wakatoka.