Mche Ulioongezeka Uzito

Jumanne moja ya Machi 1953, saa tisa alasiri, mpimaji wa mgodi wa bati karibu na Bugomora aliuweka mche wa bati kwenye mizani kwa mara ya mwisho, akaganda. Saa nne asubuhi ulikuwa gramu arobaini. Sasa ulikuwa arobaini na nane, na umbo ni lile lile.

Ulikuwa mche wa bati safi, wa kupelekwa Ulaya kwa wataalamu wanaopima uzito wa viini vya atomu ili kuona kama kanuni za maumbile ziko kama inavyodhaniwa. Uchafu kidogo tu ungewavurugia kazi.

Ufunguo wa kabati alikuwa nao Elpidius, msaidizi wa maabara, aliyechaguliwa wiki ile kwenda kusoma Kampala. Sajenti Byarugaba alipofika, alimkuta amekwisha kufungwa kamba.

“Shikamoo, afande. Sijaugusa tangu asubuhi.”

“Marahaba. Na mwizi gani huongeza uzito?”

Byarugaba aliupinda mche karibu na sikio lake. Bati safi likipindwa hulia. Huu ulikaa kimya.

“Lehemu,” mpimaji akanong'ona. “Bati lililochanganywa na risasi, ndiyo maana ni zito.”

“Neno hilo tulijue sisi wawili tu.”

Sajenti akamwita Cassian, dereva wa lori, aliyeonekana mlangoni mwa maabara. Lakini Cassian alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Kayanga, saa tisa na robo, mche ukiwa umekwisha kupimwa, na abiria wake wawili walithibitisha.

Akabaki Rwezaura, fundi wa karakana, ambaye naye huingia maabara.

“Umesikia nini, mzee?”

“Kwamba mche umebadilishwa. Elpidius huyo! Kama ni kuiba si angeiba tu? Kulikuwa na haja gani ya kumimina lehemu kwenye kalibu?”

“Nani amekutajia lehemu?”

Rwezaura akaketi chini.

“Miaka sita nimemfundisha kushika mizani, afande. Barua ya Kampala imekuja na jina lake, langu halimo. Nilipotengeneza kufuli la kabati nilichonga ufunguo wa pili. Nilitaka azuiwe safari tu.”

“Na kufungwa jela je?”

Rwezaura alionyesha gunia la makaa. Mche wa kweli ulikuwa chini yake.

Byarugaba alimfungua Elpidius kamba kwa mikono yake. Elpidius akaegemea ukuta akicheka huku machozi yakimtiririka. Nje, mkewe Kokuhirwa alikuwa amesimama juani tangu habari zilipomfikia.

“Wamekuachia?”

“Wameniachia.”

Kokuhirwa alimpangusa uso kwa ncha ya kanga. “Basi twende nyumbani ukale.”